Fundi alipwe kwa kupima, si kwa kubadilisha tu

Taa ya njano yenye picha ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, swali la kwanza ambalo wenye magari wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi huuliza ni la bei: sensa ya stelingi ni shilingi ngapi? Gereji nyingi hulijibu papo hapo. Mashine inachomekwa, msimbo wa hitilafu unasomwa, muuza spea anapigiwa simu, na kabla jua halijazama kifaa kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani kimeshafungwa. Mara nyingine taa huzimika na kila mtu akaridhika. Mara nyingine huwaka tena baada ya siku chache, na mwenye gari huambiwa kwamba spea ile ilikuwa mbovu, au kwamba sasa kompyuta ndiyo iliyokufa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kiini cha tatizo hakipo kwenye spea, wala kwenye akili ya mafundi wetu. Kipo kwenye namna tunavyolipa. Tumezoea kumlipa fundi kwa kufungua na kufunga, huku kazi iliyo ngumu zaidi, ile ya kujua hasa kilichoharibika, tukitaka kuipata bure. Maadamu kazi hiyo hailipwi, itaendelea kurukwa, na katika mifumo ya usukani ya magari ya leo, kuiruka kunapoteza fedha na kunahatarisha maisha.

Tuanze na kifaa chenyewe. Magari madogo yaliyojaa barabarani kwetu, kama Toyota Vitz, Passo na Corolla Axio, Honda Fit au Mazda Demio, hayategemei tena pampu ya mafuta kulainisha usukani. Yanatumia mota ya umeme. Dereva anapozungusha usukani, fimbo nyembamba ya chuma iliyo ndani ya mhimili wake hujisokota kidogo sana, na sensa ya msokoto hupima imejisokota kiasi gani na kuelekea upande upi. Kompyuta ya stelingi husoma kipimo hicho, hutazama na mwendo wa gari, kisha huamua mota isukume kwa nguvu kiasi gani: nyingi wakati wa kuegesha, kidogo gari likiwa kwenye mwendo mkubwa. Kwa kuwa kosa la hapa lingeweza kuvuta usukani upande ambao dereva hakuutaka, sensa hutoa ishara mbili zinazokaguana. Katika Toyota nyingi za aina hii kila ishara hukaa karibu na volti 2.5 usukani usipoguswa. Ishara hizo zikipishana kupita kiwango kilichowekwa, kompyuta huacha kuziamini, hukata msaada wa mota na kuwasha taa. Dereva bado anaweza kukata kona, kwa sababu vyuma vya stelingi vinaendelea kuunganisha mikono yake na magurudumu, lakini usukani unakuwa mzito ghafla.

Sensa ya pili, ya pembe ya usukani, watu wengi huichanganya na hiyo ya kwanza, ingawa kazi yake ni tofauti kabisa. Yenyewe hueleza usukani umezungushwa nyuzi ngapi kutoka katikati, kulia au kushoto. Anayeihitaji zaidi ni mfumo wa kuzuia gari lisiteleze na kupoteza mwelekeo, ule ambao kwenye Toyota taa yake huandikwa VSC. Mfumo huo hulinganisha anakotaka kwenda dereva, kwa kusoma pembe ya usukani, na linakokwenda gari lenyewe, kwa kusoma mzunguko wa bodi na mwendo wa kila gurudumu. Vikitofautiana, hufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari kwenye njia. Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995. Mwaka 1997 gari dogo la A-Class lilipinduka Sweden katika jaribio la kukwepa kikwazo ghafla, na Mercedes ikaamua kuufunga mfumo huo kwenye kila A-Class. Marekani iliufanya kuwa wa lazima kwa magari madogo mapya kuanzia yale ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Tafiti za taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, zimeonyesha kwamba hupunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja pekee. Kinga yote hiyo inategemea habari sahihi kutoka kwa kifaa kidogo kilichojificha chini ya usukani.

Sasa tuutazame msimbo, maana hapo ndipo safari nyingi za kupotea zinapoanzia. Toyota hutumia C1231 kwa hitilafu ya sensa ya pembe ya usukani. U0126 hueleza kwamba mawasiliano na sensa hiyo yamepotea. C1515 husema sensa ya msokoto haijawekewa sifuri, yaani kompyuta haijafundishwa wapi ndipo katikati. Misimbo hii mitatu huweza kufikishwa kwa mwenye gari kwa sentensi moja tu, kwamba sensa ya stelingi imekufa, ilhali maana zake ziko mbalimbali. Wa kwanza unasema kompyuta haikubaliani na inachoambiwa na sensa, au na njia ambayo habari hupitia. Wa pili unasema hakuna kinachosikika kabisa, na sababu inaweza kuwa fyuzi iliyoungua au soketi iliyolegea. Wa tatu haulalamikii kifaa chochote kilichoharibika. Unaomba kazi fulani imaliziwe. Vitabu vya matengenezo vya watengenezaji, vinapoeleza msimbo wa sensa, kwa kawaida huorodhesha waya na soketi zake miongoni mwa vitu vya kukaguliwa kabla ya kifaa kubadilishwa. Msimbo huonyesha pa kuanzia kutafuta. Hautaji spea ya kununua.

Sababu zisizohusu sensa yenyewe ni nyingi, na nyingi kati yake ni za kawaida kabisa. Mota ya stelingi hunywa umeme mwingi, makumi ya ampea, hasa unapozungusha usukani gari likiwa limesimama. Betri ikiwa imechoka, alteneta ikiwa haichaji vizuri, au waya wa ethi ukiwa umeshika kutu, volti hushuka wakati huo huo mfumo unapohitaji nguvu, na kompyuta huandika hitilafu. Kuna pia utepe wa waya uliojikunja chini ya usukani, ambao mafundi huuita klokispringi. Usukani ukiwahi kung'olewa na kurudishwa bila utepe huo kuwekwa katikati, utepe huweza kukatika. Honi ikinyamaza na taa ya eabegi ikawaka kwa pamoja, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Halafu kuna alaimenti. Gari ambalo usukani wake hukaa upande hata likienda barabara iliyonyooka linaiambia kompyuta kwamba dereva anakata kona, huku sensa nyingine zikisema gari linakwenda moja kwa moja. Baadhi ya mafundi huuweka usukani sawa kwa kuung'oa na kuurudisha meno kadhaa pembeni. Kwa macho unaonekana umenyooka, lakini mhimili unaosomwa na sensa umebaki palepale ulipokuwa. Sensa hapo ni nzima, na inasema kweli kuhusu magurudumu yaliyopangwa vibaya.

Kwa hiyo kupima kunakostahili jina hilo kuna mpangilio. Fundi huanza kwa kumsikiliza mwenye gari: taa iliwaka lini, baada ya kazi gani, gari likiwa linafanya nini. Jibu kwamba iliwaka siku betri ilipobadilishwa, au baada ya kuvuka maji ya mvua, au baada ya tairi kupiga shimo, huokoa saa nzima ya kuhangaika. Kisha huandika misimbo yote ya kompyuta zote kabla ya kufuta hata mmoja, kwa sababu misimbo mitatu ya mifumo mitatu mara nyingi ina chanzo kimoja, na chanzo hicho aghalabu ni umeme. Hupima volti ya betri injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Hupima upotevu wa volti kwenye ethi huku mwenzake akizungusha usukani, si gari likiwa limetulia tu, kwani ethi mbovu huonekana nzima mpaka ibebe mzigo. Baada ya hapo husoma kwenye mashine jinsi pembe ya usukani inavyobadilika: ikiwa magurudumu yamenyooka, namba iwe karibu na sifuri, usukani ukizungushwa taratibu, namba ipande bila kuruka wala kukatika. Namba inayopanda vizuri lakini inaanzia pasipo sifuri huelekeza kwenye alaimenti au kuweka sifuri upya. Inayoruka huelekeza kwenye sensa au waya wake, na hapo soketi hukaguliwa na waya kupimwa kabla sensa haijatolewa.

Watengenezaji wenyewe hutuonyesha thamani ya kupima kwanza. Mei 2014 kampuni ya Ford iliyaita magari zaidi ya 900,000 ya Amerika Kaskazini, aina ya Escape na Mercury Mariner ya miaka ya 2008 hadi 2011, kwa sababu ya tatizo la sensa ya msokoto lililoweza kukata msaada wa usukani ghafla. Kampuni haikuamuru kila gari livalishwe sensa mpya. Maelekezo kwa mawakala yalikuwa wasome kwanza kumbukumbu za kompyuta. Gari lisilo na misimbo inayohusika lilirekebishwa programu tu. Lililokuwa nayo lilibadilishiwa sensa, au mhimili mzima wa usukani pale ilipolazimu. Hapa tunazungumzia kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, yenye michoro yote na ghala la spea mpya, ikiwa tayari inajua aina ya kasoro inayoitafuta. Hata hivyo ilitenganisha gari na gari kwa kupima, kwa sababu kubadilisha kila kitu kungekuwa ghali bila kuongeza usalama. Ikiwa Ford iliona kukisia ni hasara, gereji ya Ilala yenye spea moja ya mtumba na mteja mmoja mwenye bajeti finyu ina sababu kubwa zaidi ya kutokisia.

Jamii zetu zimewahi kuvuka daraja kama hili. Kwa miaka mingi mtu mwenye homa Tanzania au Kenya alihesabiwa kuwa na malaria na kupewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na vipimo vya haraka vikaenea hadi kwenye zahanati za vijijini. Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi. Wagonjwa walilalamika kwamba wanacheleweshwa, na baadhi ya watoa huduma walitoa dawa hata kipimo kilipokuwa hasi. Lakini sasa mzazi mwenye mtoto mgonjwa anaona ni jambo la kawaida kuulizwa kama mtoto amepimwa. Kilichobadilika ni matarajio: watu walikubali kwamba kipimo ni huduma inayojitegemea, yenye wakati wake na gharama yake, na kwamba jibu hasi nalo ni jibu lenye thamani. Mwenye gari naye hana budi kufika hapo. Akiambiwa kwamba sensa ni nzima na tatizo ni ethi, asione amelipia kitu hewa. Amelipia kutokununua sensa.

Mfumo wetu wa malipo kwa sasa unasukuma upande mwingine. Fundi anayekesha na mita akitafuta waya uliokatika ndani ya kifungu cha waya hulipwa kidogo, kwa sababu mteja akiona hakuna spea iliyonunuliwa husema, "Fundi, mbona umegusa waya tu?" Anayebadilisha sensa hulipwa ufundi, na pengine hupata na cha juu kutoka dukani. Tukiwaweka watu wawili wenye ujuzi sawa katika mazingira hayo, tusishangae wengi wakichagua njia ya pili. Si lazima wawe wadanganyifu. Wana watoto wa kulisha na kodi ya gereji ya kulipa, na sisi wateja ndio tuliowaambia, kwa fedha zetu, ni kazi ipi tunayoithamini. Ndiyo maana siamini kwamba kampeni ya kuwahimiza mafundi wawe waadilifu itabadilisha mengi peke yake. Mtu huendelea kufanya kinachomlipa. Kupima kukilipwa kwa jina lake, fundi anayejua kupima atakuwa na sababu ya kupima vizuri, na anayekisia atalazimika kueleza alichofanya.

Pingamizi la kwanza na zito ni la umaskini. Mwenye Vitz ya kubebea abiria wa mtandaoni hana fedha ya kulipa mara mbili, kupima kisha kutengeneza. Afadhali ajaribu sensa ya mtumba na kumwomba Mungu. Pingamizi hili linastahili hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kupima ni shilingi 40,000 na sensa ya mtumba pamoja na ufundi ni 150,000. Anayekisia akapata, ameokoa zile 40,000 za kupima. Anayekisia akakosa, amepoteza 150,000 na bado hajui ugonjwa, hivyo atalipia kupima hata hivyo. Kwa bei hizo, kukisia kunalipa ikiwa tu fundi anapatia karibu mara nne katika kila tano. Kwa msimbo wenye vyanzo vingi kama tulivyoona, betri, ethi, fyuzi, klokispringi, alaimenti na sensa yenyewe, kiwango hicho cha kupatia ni kigumu kufikiwa na mtu asiyepima. Tena kadiri spea inavyokuwa ghali, ndivyo kukisia kunavyozidi kuumiza. Mwenye uwezo mdogo ndiye asiyeweza kumudu kukosea, kwa hiyo ndiye anayehitaji zaidi kupima.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi wenyewe, na lina ukweli ndani yake. Wanasema kubadilisha nako ni kupima: chukua kifaa kizima, kifunge, uone kama taa itazima. Njia hiyo ni halali, na hata watengenezaji huitumia pale ambapo kifaa hakiwezi kuchunguzwa kwa mita. Lakini ina masharti mawili, na yote mawili hukosekana mara nyingi kwetu. Sharti la kwanza ni kwamba kifaa kinachofungwa kijulikane kuwa kizima. Sensa iliyotoka kwenye lundo la spea za mtumba haina historia. Huenda gari lake lilikatwa baada ya ajali iliyouvunja mhimili wa usukani wenye sensa hiyo. Sharti la pili ni kwamba kifaa kikifungwa kianze kazi bila kufundishwa. Sensa za usukani haziko hivyo. Mhimili wenye sensa ya msokoto ukibadilishwa kwenye Toyota bila kuwekewa sifuri, msimbo wa C1515 hubaki ukidai kazi hiyo ikamilishwe, na taa hubaki inawaka. Fundi asiyejua hili atakitupa kifaa kizima akidhani ni kibovu, atanunua cha pili, na atapata matokeo yaleyale. Hapo kubadilisha hakukupima chochote. Kumeongeza tatizo jipya juu ya la zamani.

Pingamizi la tatu ni la vifaa na maarifa. Ni kweli kwamba mashine nzuri ni ghali, na kwamba michoro ya waya ya watengenezaji inauzwa kwa fedha za kigeni. Ni kweli pia kwamba vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu huwapotosha watu. Sheria ya Marekani iliyolazimisha tundu la kuchomeka mashine kwenye magari ya kuanzia mwaka 1996 ililenga moshi, kwa hiyo sehemu ya pamoja inayosomwa na kifaa chochote inahusu zaidi injini. Misimbo ya stelingi na breki ipo kwenye lugha ya kila mtengenezaji. Kifaa kidogo kikisema gari halina hitilafu, mara nyingi maana yake ni kwamba hakikuiuliza kompyuta ya stelingi kitu. Lakini sehemu kubwa ya upimaji nilioueleza haihitaji mashine ya mamilioni. Mita ya kawaida, betri iliyochajiwa, karatasi ya kuandikia na mtu wa kuzungusha usukani vinatosha kuondoa vyanzo vya umeme. Na kwa zile hatua zinazohitaji mashine ya Toyota au mashine kubwa za jumla kama Launch na Autel, si lazima kila gereji imiliki yake. Fundi anaweza kumpeleka mteja kwa mpimaji aliyejitosheleza kwa vifaa, na mpimaji huyo akaishi kwa kupima tu. Soko la namna hiyo haliwezi kukua ikiwa hakuna anayekubali kulipia kipimo.

Wapo pia wanaotetea uzoefu, wakisema fundi mkongwe husikia gari likinguruma na akajua. Sidharau uzoefu hata kidogo. Mtu aliyefungua stelingi mia huweza kusikia boljointi iliyolegea kabla mashine haijawashwa, na uzoefu wake humwelekeza aanze kupima wapi. Ila volti 2.5 haisikiki kwa sikio, wala pembe iliyopotoka kwa nyuzi chache haionekani kwa jicho. Uzoefu uliojengwa kwenye pampu za mafuta na mikanda hauhamii wenyewe kwenye sensa na mota. Na hata penye uzoefu wa mifumo mipya, mara nyingi ni uzoefu usiokamilika: gari lililotengenezwa kwa kukisia likirudi gereji nyingine, fundi wa kwanza hajui kamwe kwamba alikosea, na kosa lake linageuka kuwa mazoea. Kipimo kilichoandikwa hurekebisha hilo. Humwonyesha fundi mkongwe ni lini hisia zake zilikuwa sahihi na lini hazikuwa, na kumwachia kijana anayejifunza kitu cha kusoma.

Wengine watauliza kwa nini kelele yote hii, ikiwa gari linakwenda na usukani unazunguka. Wapo wanaoziba taa kwa kipande cha plasta, au kuing'oa kabisa kabla ya kuuza gari. Jibu ni kwamba taa hiyo haizungumzii starehe. Ikiwa ni ya sensa ya msokoto, msaada wa usukani unaweza kukatika katikati ya kona, na dereva asiyetarajia uzito huo hupoteza nafasi ya kuukwepa ukuta au mtu. Ikiwa ni ya sensa ya pembe, mfumo wa kuzuia kuteleza umejizima, na gari linaloshuka Kitonga au Mlima wa Kijabe kwenye mvua limepoteza kinga ambayo nchi nyingine zimeifanya kuwa ya lazima. Jambo hili litazidi uzito miaka ijayo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari yanayoshushwa Mombasa leo yamesheheni sensa, na mengine yana mifumo ya kulibakisha gari kwenye mstari wake wa barabara inayotegemea habari za usukani. Tabia ya kukisia iliyovumilika kwenye gari la mwaka 1995 haitavumilika kwenye gari la mwaka 2018.

Nini kifanyike? Gereji zianze kuandika kupima kama huduma ya kwanza kwenye orodha ya bei, na zimpe mteja matokeo kwa maandishi: misimbo iliyokutwa, volti zilizopimwa, pembe iliyosomwa magurudumu yakiwa yamenyooka, na hitimisho. Zisifute msimbo wowote kabla ya kuuandika. Kazi yoyote ya alaimenti au ya kuung'oa usukani iishie kwa kuhakikisha sensa inasoma sifuri, na gharama hiyo iwe ndani ya bei. Taasisi za mafunzo ya ufundi, VETA kwa Tanzania na NITA kwa Kenya, zinaweza kufanya mtihani wa vitendo wa umeme wa magari umpime mwanafunzi kwa gari lenye hitilafu iliyofichwa kwenye waya, ambapo anayebadilisha kifaa kizima anapoteza alama. Kampuni za bima, ambazo hulipa matengenezo ya magari mengi baada ya ajali, zina uwezo wa kudai ripoti ya kipimo cha stelingi kabla gari halijarudishwa barabarani. Wauza spea nao wakubali kupokea tena kifaa pale mteja anapoleta ripoti inayoonyesha kilipimwa kikakutwa kibovu. Biashara ya namna hiyo itawalinda wauzaji waaminifu dhidi ya lawama zisizo zao.

Lakini anayeweza kuanza bila kusubiri sera ya mtu yeyote ni mwenye gari. Akiambiwa sensa imekufa, aulize kwa heshima, "Fundi, umejuaje?" Jibu likiwa ni msimbo peke yake, aombe kipimo na akubali kukilipia, hata kama mwishowe hakuna spea itakayonunuliwa. Akikutana na fundi anayemjibu kwa volti, kwa namba za pembe na kwa waya uliokaguliwa, amlipe bila kulalamika kwamba kazi ilikuwa ya kugusa tu, na awaelekeze wenzake kwake. Mafundi wa namna hiyo tunao, na wengi wao wanafanya kazi hiyo kwa hasara kwa sababu hatujaipa bei. Bei hiyo ianze kuonekana kwenye risiti, katika mstari wake wenyewe, juu ya mstari wa spea.